Kereng'ende kwenye Kofia ya Kaitira

Umeme umekatika na mashine imenyamaza, kwa hiyo hakuna atakayesaga sasa hivi. Pangeni ndoo zenu kwenye foleni, mkae. Nitawapa jambo la kutafuna, ila sitalimaliza. Kulimaliza ni kazi yenu. Anayetaka hadithi ya watu waliogombana wakasameheana wakala pilau, aende kule kwa wanaocheza bao. Watu wa hadithi yangu wana kinyongo, nami niko upande wao, sifichi.

Katika mwalo wa Kigangama, kule ziwani, kuna ndugu watatu. Mwalo, kwa nyinyi wakulima msiolijua ziwa, ni pale ufukweni mitumbwi inapofungwa na samaki wanaposhushwa. Ndugu hao kila mmoja alizaliwa na chake.

Nyangeta, dada mkubwa, alizaliwa na macho. Tangu udogoni akitumwa maji alirudi na ndoo tupu, kwa sababu alikaa kuwatazama kereng'ende mpaka akasahau alichotumwa. Alijua kwamba dume huchagua kijiti chake kimoja, akawafukuza madume wenzake wote, na hata akiondoka hurudi palepale. Alijua kwamba jike hutaga kwa kuchovya mkia majini. Na alijua kwamba jike akichoshwa na dume king'ang'anizi hujiangusha kwenye majani, akalala chali akijifanya amekufa mpaka dume aende zake. Mnacheka nini, akina mama? Hiyo mnaijua.

Bwire, wa katikati, alizaliwa na mikono. Huyo ukimpa chombo chochote cha majini kitamtii. Upepo ukivuma, wengine wanahangaika na makafi, yeye ametulia kama amekaa kwenye kiti cha kinyozi.

Tabu, kitinda mimba, alizaliwa na subira. Alipiga picha za harusi kwa kamera ya mtumba, na watu walimlalamikia kwamba anapiga chache mno. Ila zile chache, jamani, ulikuwa hutupi hata moja.

Baba yao aliitwa Mafuru. Alikuwa mvuvi wa sato, mtu wa maneno machache, na mtumbwi wake aliuunda kwa mikono yake mwenyewe. Siku moja samaki wakaonekana wanaelea wamekufa kando ya mafunjo. Watu wakaokota, wakapika, na mtoto wa jirani akala akafa. Ndipo ikajulikana kwamba kuna mtu amemwaga majini dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu shambani, ili apate samaki bila jasho. Mwalo mzima ukawa unamtafuta mtu huyo.

Akajitokeza Kaitira. Huyu alikuwa mkubwa pale mwaloni, mwenye mitumbwi na injini, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo. Akasema amelikuta dumu la dawa chini ya nyavu za Mafuru. Kweli, watu walipokwenda kutazama, dumu lilikuwemo. Nani aliliweka? Hakuna aliyeuliza. Watu wakishapata wa kumlaumu huwa wanashiba haraka.

Sasa mwalo ule una desturi yake. Anayeua maji hunyang'anywa mtumbwi alioutumia, na aliyemkamata ndiye anayepewa. Akitaka kuuchoma, anachoma. Akitaka kuuvulia, anauvulia. Akitaka kumrudishia mwenyewe, anamrudishia. Neno lake ni la mwisho, na linatoka kinywani mwa mtu mmoja tu, ili pasiwe na mabishano.

Kaitira akachagua kuchoma. Akamsimamisha Mafuru ufukweni atazame, na moto ulipowaka akamwambia asogee aote, asije akashikwa na baridi. Watu walicheka. Mafuru akatazama mpaka ukawa majivu. Akarudi nyumbani, akajilaza, na chakula kikawa hakimpiti kooni. Masika hayakumkuta. Mazishini mwalo haukuja. Kaburi lilichimbwa na Bwire na wajomba zake, na mjane akawa anapita sokoni watu wanageuza shingo.

Hapo ndipo watoto wale walipoapa. Hawakuapa kutafuta haki, maana haki ni neno la majukwaani. Waliapa kwamba aliyefanya vile atalipa, na wao watamwona akilipa. Na mimi nasema walifanya vyema.

Ukapita muda. Akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, anataka picha za kereng'ende wa mafunjo yale na tabia zao, wanavyowinda, wanavyogombania makao, wanavyotaga. Akawapa kazi hiyo ndugu watatu na kuwaachia kayaki. Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, mwepesi kama beseni. Ile ilikuwa na viti vitatu, kimoja nyuma ya kingine, na kafi lake lina bapa huku na huku. Haina kelele hata kidogo, na inapita kwenye maji ya kufika gotini, katikati ya mafunjo, mahali ambapo mtumbwi wa mbao utakwama.

Watu wa Kigangama waliwacheka tena. Watoto wa muua maji, walisema, sasa wamekuwa wapiga picha za wadudu. Watatu wale wakawaacha wacheke. Kila asubuhi walikwenda, Tabu mbele na kamera, Nyangeta katikati, Bwire nyuma na kafi. Walimpiga picha kereng'ende akila mbu hewani. Walimpiga akiwa ameinua mkia kuelekea juani saa sita mchana ili jua lisimchome mgongo mzima. Walimpiga yule jike mjanja wa kujifanya maiti.

Kisha asubuhi moja Nyangeta akanyoosha mkono kuonyesha kitu. Majike walikuwa wanataga, lakini si majini. Walikuwa wanagongagonga mikia juu ya lundo la mafunjo yaliyokatwa, mahali pasipo na maji kabisa. Bwire akasema labda joto limewachanganya. Nyangeta akakataa. Akaeleza kwamba kereng'ende hayaonji maji ili kuyajua. Huyajua kwa mng'ao. Aliwahi kuwaona wakitaga juu ya boneti ya gari lililotoka kuoshwa. Chini ya lundo lile, alisema, kuna kitu kinachong'aa kinachowadanganya.

Tabu akavuta kwa lenzi, akaona nailoni nyeusi inachungulia kati ya mafunjo, imelowa umande. Wakasogea wakaifunua. Chini yake palipangwa madumu, na harufu ya dawa ya pamba ikawapiga puani.

Bwire akataka wayabebe palepale wayapeleke kwa kamati ya mwalo. Alikuwa ameshakamata mpini wa dumu la kwanza. Nyangeta akamshika mkono.

"Dumu ndilo lililomuua baba," akamwambia. "Dumu halina jina. Tukilibeba sisi, litakuwa letu."

Hapo hata Bwire akaelewa. Alitakiwa mtu, siyo dumu. Wakairudisha nailoni kama ilivyokuwa. Kando yake palichomekwa kijiti kirefu, alama ya mwenye mali ya kumwonyesha alipoficha vitu vyake, na juu ya kijiti kile kereng'ende dume mwekundu alikuwa ameshajifanyia makao. Wakakubaliana kwamba huyo ndiye watakayempiga picha kila asubuhi, mpaka mwenye kijiti aje.

Na alikuja. Alikuwa Kaitira mwenyewe, peke yake, katika mtumbwi wake alioupenda kuliko yote, ulioandikwa ubavuni "Acheni Wivu". Injini ameizima na kuinyanyua, anausukuma mtumbwi kwa upondo akipita upande wa maji mengi. Ndugu wale walikuwa upande wa pili wa mafunjo, karibu kabisa, wamekaa chini usawa wa maji. Wao wanamwona, yeye hawaoni.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi yenu.

Sikilizeni mikono ya Bwire. Mtumbwi wa Kaitira uliposukuma maji, wimbi likaja moja kwa moja kwenye kayaki. Kayaki ni nyepesi, ingetikisika, mafunjo yangetikisika nayo, na Kaitira angegeuka. Picha yenyewe ingekuwa ukungu mtupu. Bwire akazamisha kafi kwenye tope, akalibana kwa magoti, kisha akakamata mashina ya mafunjo huku na huku kwa mikono mitupu. Wimbi likapita. Majani yakamkata viganja mpaka damu ikachuruzika, na siafu waliokuwa kwenye mashina wakampanda shingoni wakamuuma watakavyo. Alijikaza kisabuni. Kayaki haikusogea hata unywele, na mtu aliyemuua baba yake yuko mbele yake, na ana kafi zito la kumpasulia kichwa. Hakulichomoa.

Sikilizeni macho ya Nyangeta. Kaitira alikuwa amewapa mgongo. Akafunua nailoni, akatoa dumu. Kereng'ende mwekundu akaruka, kwa sababu Kaitira alikishika kile kijiti akaking'oa apate pa kusimama. Tabu alikuwa ameshaweka kidole tayari, maana aliona nafasi inapotea. Nyangeta akamwekea mkono begani.

"Bado," akamnong'oneza. "Atarudi kwenye kijiti chake."

Angekosea, wangebaki na picha ya mgongo, na migongo ya wanaume wote wa Kigangama inafanana. Lakini kereng'ende akarudi. Akakuta kijiti hakipo na mahali pake pamesimama mtu, akamvamia usoni kama anavyovamia madume wenzake. Kaitira akainua uso na kugeuka kumpunga, dumu likiwa mkononi, kizibo kimefunguliwa. Na kereng'ende, king'ang'anizi yule, akatua kwenye ukingo wa kofia yake.

Sikilizeni kidole cha Tabu. Betri ilikuwa imebaki ya kupumulia tu, kamera inawakawaka taa nyekundu. Macho yake yalijaa machozi ya chuki, ananiambia aliona kila kitu kimeongezeka mara mbili. Hakuyafuta, kwa sababu kuyafuta ni kusogea. Lenzi alikuwa ameilenga kwenye kijiti, na sasa kijiti hakipo. Akalazimika kutafuta upya, taratibu, kwa vidole viwili, kutoka kwenye jani hadi kwenye kofia, kutoka kwenye kofia hadi usoni. Akasubiri mpaka uso, dumu na kereng'ende vikawa safi kwa pamoja. Akabonyeza mara moja. Betri ikazima.

Kaitira alisikia mlio akapiga kelele, lakini mtumbwi wake ulikwama kwenye mashina na kayaki ikapenya ikapotea kabla hajaona ni nani.

Zilipofika siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikavutwa ufukweni. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, na hizo ndizo siku za kukata mashauri. Ndugu watatu hawakumpelekea mwenyekiti wa kamati picha ofisini. Waliipeleka kwenye kibanda cha video, pale watu wanapotazamia mpira, wakaiweka kwenye skrini, mwalo mzima umejaa mpaka madirishani. Uso wa Kaitira ukatokea mkubwa kama mlango, dumu wazi, na mdudu mwekundu kofiani. Kaitira akasimama akasema picha imetengenezwa. Watu wakamtazama. Alikuwa amevaa kofia ileile.

Kamati ikaenda mafunjoni ikakuta nailoni, madumu, na kijiti kilichong'olewa. Kaitira hakucheka siku hiyo. Ya polisi yana njia yake, yuko nje kwa dhamana na kesi ya marehemu mtoto inaendelea. Mimi nazungumzia ya mwalo. "Acheni Wivu" ukaburutwa ukafungwa mbele ya kamati, na mwenyekiti akasema aliyemkamata Kaitira asimame.

Wakasimama wote watatu.

Mwenyekiti akawaambia desturi haina vinywa vitatu. Akamtaka kila mmoja aseme angeufanyia nini mtumbwi. Bwire akasema atauchoma palepale alipochomewa baba yake, na Kaitira asimamishwe atazame, na aambiwe asogee aote. Nyangeta akasema kuchoma ni moto wa saa moja. Yeye atalikwangua lile jina la dharau, aandike MAFURU, na aufunge mbele ya mlango wa Kaitira, ili mtu yule akifungua mlango kila asubuhi mpaka kufa kwake jina hilo liwe la kwanza kuliona.

Tabu akasema atamrudishia. Mwalo ukaguna. Kaitira mwenyewe akainua kichwa.

"Nimpe mimi kwa mkono wangu, mbele yenu wote, naye aseme asante," Tabu akasema. "Kila akipanda, mtajua anakula kwa huruma ya watoto wa Mafuru. Akiuuza, mtajua kwa nini ameuuza."

Kaitira akainamisha kichwa tena.

Tangu siku hiyo hawasemeshani. Bwire anasema picha isingekuwa picha bila viganja vyake, na anavionyesha, bado vina makovu. Nyangeta anasema bila yeye wasingeliona hata lundo lenyewe, na wangeishia na picha ya mgongo. Tabu anasema wao wawili waliona tu, na watoto wa Mafuru wakisema wameona, nani angewaamini? Wanakula katika nyumba moja, kila mtu na sahani yake, kila mtu na ukuta wake wa kuutazama. Kaitira anapita njiani anawachungulia, na juzi nimesikia kicheko chake kimeanza kurudi.

Anacho cha kumchekesha. Desturi inasema shauri la mbalamwezi haliingii gizani. Mtumbwi wa kwanza ukitoka kwenda kuvua dagaa kabla ya aliyemkamata kutajwa, basi hakuna aliyemkamata. "Acheni Wivu" unarudi kwake bila asante, shauri linakufa, na mwaloni jina la Mafuru linabaki palepale lilipoachwa.

Mwenyekiti, baada ya kushindwa kumchagua mmoja, akamwendea mjane. Akamwambia, "Mama Nyangeta, wewe ndiye uliyefiwa, na hao ni wako. Utaje mmoja. Lakini usitutajie adhabu unayoipenda. Tutajie mkono uliomkamata."

Dada, mbona unanitazama hivyo? Ndiyo, ni mimi.

Mnajiuliza mwanamke wa Kigangama anatembea njia yote ile kuja kusaga huku kwa nini, na kwetu mashine ipo. Ipo. Mwenye mashine aliwahi kuniambia nisubiri mpaka wote wamalize, kwa sababu hataki unga wa watu uguse wangu. Sasa ananiita mama, ananitumia watu, anataka anisagie bure. Siendi. Adhabu hiyo ni ya kwangu, sikuhitaji kamati kunipa.

Kule kila mtu ameshachagua upande. Walionigeuzia shingo ndio wanaonishauri sasa, na ushauri wao siutaki hata kwa dawa. Ndiyo maana nimewaletea nyinyi msionijua. Kama ni kupenda tu, usiku naupenda moto wa Bwire. Asubuhi nalipenda jina la Nyangeta. Na nikikumbuka Kaitira alivyoinamisha kichwa, naipenda asante ya Tabu kuliko vyote. Lakini sikuulizwa ninachopenda. Nimeulizwa mkono, na nimewazaa mikono yote mitatu, na nikimtaja mmoja nitakuwa nimewaambia wawili kwamba hawakumlipia baba yao.

Mwezi umeshaliwa, giza limerudi. Leo jua likizama mitumbwi inatoka, na mwenyekiti ananisubiri ufukweni.

Haya, umeme huo umerudi, na ndoo ya kwanza ni yangu. Mahindi yenyewe ni debe moja, hayatachukua muda. Bwire aliyeishikilia kayaki, Nyangeta aliyesema bado, au Tabu aliyebonyeza? Wewe wa kitenge cha njano, anza wewe, na usiniambie niwasamehe wote. Ungekuwa mimi, unga umeshatiwa kwenye ndoo na njia ya kurudi iko mbele yako, ungeamua vipi?